Chema chajiuza, lakini sharti kionekane kwenye Google

Una tovuti ya biashara, ya shule au ya nyumba ya wageni, lakini hakuna anayeifikia? Soma hapa kabla hujamlipa mtu anayekuahidi miujiza.

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bila shaka walisema hayo enzi ambapo soko lilikuwa moja na kila mnunuzi aliweza kupita mbele ya kila kibanda. Leo, msomaji mpendwa, soko limehamia kwenye simu ya mkononi. Mtu aliye Nairobi, Mombasa au Munich akitaka kulala usiku mmoja karibu na Ziwa Elementaita hapiti kibanda baada ya kibanda. Huandika maneno matatu au manne kwenye Google, akatazama majibu machache ya kwanza, na papo hapo akaamua. Kitu chema kilichofichika kwenye ukurasa wa tano hakijiuzi, kwani hakuna ajuaye kwamba kipo.

Hebu tuchukue mfano. Familia fulani imejenga vyumba sita vya wageni kati ya Gilgil na Nakuru, mahali ambapo ukiamka alfajiri unaliona ziwa lote chini yako. Watoto wamewashawishi wazazi, akiba imetolewa, fundi ameitwa, na tovuti ya kupendeza imetengenezwa. Miezi sita baadaye, karibu kila mgeni anayekuja ameletwa na wakala wa mtandaoni kama vile Booking.com, naye wakala hukata fungu lake. Tuseme chumba ni Sh5,000 kwa usiku na wakala anachukua asilimia 15. Hizo ni Sh750 kila usiku. Vyumba vikilaliwa mara 40 kwa mwezi, Sh30,000 zimekwenda. Fedha hizo zingesaidia karo, au zingemwajiri kijana mmoja wa kijijini.

Je, kosa ni la nani? Mara nyingi tovuti yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeketi na kujiuliza jinsi mtambo wa kutafutia unavyofanya kazi, na unampendelea nani.

BUIBUI ASIYELALA

Historia ya mitambo hii ni fupi. Mwaka 1990, Alan Emtage, mzaliwa wa kisiwa cha Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alibuni programu iliyoitwa Archie. Ilikuwa ikiorodhesha majina ya faili zilizohifadhiwa kwenye tarakilishi za mbali. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jerry Yang na David Filo, walianzisha Yahoo, ambako tovuti zilipangwa kwa mkono kama vitabu katika maktaba. Kisha mwaka 1998 wanafunzi wengine wawili wa chuo hicho hicho, Larry Page na Sergey Brin, wakaanzisha kampuni ya Google.

Mtambo wa namna hii hufanya mambo matatu. Kwanza, hutuma programu inayotambaa kama buibui kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, ikifuata viungo vinavyounganisha kurasa hizo. Pili, kile kilichosomwa hutiwa katika faharasa, mfano wa ile iliyo nyuma ya kitabu cha shule, inayokuonyesha neno fulani liko ukurasa gani. Tatu, mtu anapouliza swali, mtambo huchukua kurasa zinazohusika na kuzipanga kwa foleni, ule unaoonekana kumfaa zaidi muulizaji ukitangulia.

Foleni hiyo hupangwaje? Vigezo ni vingi mno, lakini wazo lililowapa sifa Page na Brin ni rahisi kueleweka na yeyote aliyewahi kutafuta kazi. Ukienda na barua ya chifu au ya mwalimu mkuu, unasikilizwa. Ukienda na barua ya mpita njia, haikusaidii sana. Kiungo kutoka tovuti nyingine ni kama barua hiyo. Ukurasa unaotajwa na tovuti zinazoheshimiwa hupata heshima zaidi.

Hapo kuna jambo la kwanza la kukagua. Je, tovuti yako imo katika faharasa? Fungua Google, andika neno site, kisha nukta mbili (:), kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Ukiona orodha ya kurasa zako, buibui amekwisha kukutembelea. Usipoona kitu, huenda mlango umefungwa. Mafundi wengi huwazuia buibui wakati tovuti ingali inajengwa, na baadhi yao husahau kuondoa kizuizi hicho kazi ikiisha. Ni alama moja tu ya kufuta, lakini ikisahaulika, duka lako ni sawa na lililofunguliwa huku milango ya mbele ikiwa imepigwa misumari.

UTINGO ASIYETAJA AENDAKO

Umewahi kusimama kwenye steji ya Nakuru ukamsikia utingo akipaza sauti, "Twende! Twende!" bila kusema ni Njoro, Molo au Naivasha? Utapanda gari hilo? Hata kidogo. Lakini ndivyo zilivyo tovuti nyingi. Kichwa cha ukurasa, yaani yale maandishi ya buluu ambayo mtu huyaona kwenye orodha ya majibu, kimeandikwa "Karibu" au "Nyumbani" basi. Kichwa hicho ndiyo sauti ya utingo wako. Kitaje mambo mawili: unauza nini, na uko wapi. "Vyumba vya wageni vinavyotazama Ziwa Elementaita, Gilgil" kinatosha kabisa. Na kila ukurasa uwe na kichwa chake, kwani matatu ya Njoro haiiti abiria wa Naivasha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba maneno yawe ya yule anayetafuta, si yako wewe unayeuza. Mwenye duka la pembejeo mjini Molo anapenda kuandika "tunatoa suluhisho bora za kilimo cha kisasa". Mkulima haandiki hivyo. Yeye huandika "mbegu za viazi Shangi Molo", au "majani ya viazi yanakauka nifanye nini". Ukurasa unaojibu swali hilo kwa maneno hayo hayo ndio utakaomfikia.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Nakuru ina mtaa uitwao London. Ukiandika kwenye tovuti yako "tunapika keki za harusi, tuko London", unajitia katika mashindano na waokaji wote wa Uingereza. Pipeline iko Nakuru na iko Nairobi pia. Milimani iko Nakuru, Nairobi na Kisumu. Kwa hiyo usitaje mtaa bila mji. Kadhalika, watu huandika jina moja kwa njia tofauti. Wengine huandika Elementaita, wengine Elmenteita. Wengine hutafuta maporomoko ya Nyahururu, na wengine huyajua kwa jina la Thomson's Falls tu. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini si wote waliozoea. Taja majina yote mawili pale yanapofaa, mara moja, kwa lugha ya kawaida, bila kuyarudiarudia kama kasuku.

Tena usiidharau lugha yako. Maswali mengi yanayoandikwa kwa Kiswahili hayana majibu ya maana mtandaoni, ilhali kwa Kiingereza kurasa zinasukumana. Duka, shule au zahanati yenye ukurasa mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili safi na mwingine kwa Kiingereza imewafungulia watu wa aina mbili.

WEWE NDIWE UNAYEJUA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Yapo makampuni makubwa yaliyo mbali yanayoandika kuhusu Bonde la Ufa bila kutia mguu hapa. Utazisoma kurasa zao na kuambiwa kwamba Ziwa Nakuru limejaa heroe, wale flamingo wa rangi ya waridi, kwa mamia ya maelfu. Ilikuwa hivyo zamani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa hilo yamepanda mno, yakafunika barabara na hata lango kuu la zamani la mbuga. Maji yalipozidi, chumvi ikapungua, na chakula cha heroe nacho kikapungua. Wengi wao walihamia kwingine, likiwemo Ziwa Bogoria. Mgeni anayekuja akitarajia picha za zamani hurudi kwao na manung'uniko.

Ni nani anayeweza kumweleza ukweli wa wiki hii? Ni wewe unayeishi hapa. Unajua kama barabara ya vumbi inapitika kwa gari dogo mvua ya Aprili ikinyesha. Unajua saa ambayo ndege hukaribia ufuo. Unajua kwamba mgeni akiwa na siku moja ya ziada anaweza kuona Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mabaki ya kale mwaka 1937, au kasri la Lord Egerton lililoanza kujengwa mwaka 1938 na kukamilika mwaka 1954. Unaweza kumweleza kwamba maziwa matatu ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Yaandike hayo. Andika bei ya chumba, kama chakula kimo ndani ya bei, kama maji ya moto yapo, kama M-Pesa inakubaliwa, na mwendo wa saa ngapi kutoka Nairobi.

Kila swali unaloulizwa kwa simu mara tatu linastahili jibu kwenye tovuti. Weka daftari karibu na simu kwa wiki mbili, uyaandike maswali hayo yote. Mwisho wa wiki hizo utakuwa na orodha ambayo hata mtaalamu wa kulipwa asingekupatia. Google yenyewe, ilipofanyia marekebisho mwongozo wa wakaguzi wake mnamo Desemba 2022, ilitaja tajriba ya mwandishi miongoni mwa mambo ya kutazamwa, yaani kama aliyeandika ameliona jambo lenyewe kwa macho yake. Kwa hilo, mwenyeji wa Gilgil hashindwi na ofisi ya ng'ambo.

SANDUKU LA POSTA HALIMLETI MGENI

Nchini Kenya nyumba nyingi hazina nambari wala barabara zenye majina. Tumezoea kuandika Sanduku la Posta, Nakuru 20100, kisha tunaongeza "mkabala na kituo cha mafuta". Sanduku la Posta huleta barua, lakini halimfikishi mgeni mlangoni. Ndiyo maana kuna huduma ya Google ya kujisajili kwenye ramani yake, na hailipiwi chochote. Unaandika jina la biashara, nambari ya simu, saa za kufungua, picha, na kuweka alama mahali penyewe ulipo. Google huhakikisha kwamba ni wewe kweli, aghalabu kwa simu au kwa video, ndipo ukaonekana.

Kwa biashara ndogo ya mtaani, kama vile kinyozi, fundi wa magari au duka la dawa, hatua hii huweza kuleta faida kuliko tovuti yenyewe. Hakikisha jina na nambari ya simu ni zile zile kwenye tovuti, kwenye ramani na kwenye Facebook. Waombe wateja walioridhika waandike maoni yao, lakini usiwalipe wala usiwape zawadi, maana sheria za huduma hiyo zinakataza. Anayelalamika naye mjibu kwa adabu. Wengine wanasoma.

PICHA NZITO, BANDO DOGO

Wateja wako wengi wanatumia simu, na bando walilonunua ni la kuhesabiwa. Picha iliyotolewa moja kwa moja kwenye kamera inaweza kuwa na megabaiti tano. Ziweke kumi kwenye ukurasa mmoja, na mgeni atachoka kungoja kabla hajaliona ziwa. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti 200 huonekana vizuri kwenye kioo cha simu. Isitoshe, Google sasa husoma tovuti kama zinavyoonekana kwenye simu, si kwenye tarakilishi ya mezani. Kwa kuwa mtambo hutegemea sana maneno ili kujua picha ni ya nini, mwambie fundi aandike chini ya kila picha maelezo mafupi. Maelezo hayo huwafaa pia wasioona, ambao simu zao huwasomea.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza fedha. Utapigiwa simu au kutumiwa barua pepe na mtu anayeahidi kukuweka nambari moja kwenye Google kwa siku saba. Usimwamini. Google yenyewe imeeleza wazi kwamba hakuna awezaye kutoa hakikisho la nafasi ya kwanza. Nafasi ya matangazo ya kulipia ipo, nayo hutiwa alama kuonyesha kwamba ni tangazo. Nafasi katika majibu ya kawaida haiuzwi.

Watu wa namna hiyo hutumia hila zinazojulikana. Hurudia neno moja mara mia, huficha maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe, hununua viungo kutoka tovuti za ovyo, au hunakili kurasa za wengine. Tangu mwaka 2012 Google imekuwa na programu maalumu ya kuwakabili wanaonunua viungo, na mwaka 2024 iliongeza kanuni dhidi ya wanaomwaga kurasa chungu nzima zisizo na faida kwa msomaji. Adhabu haichagui mkubwa wala mdogo. Mwezi Februari 2006 tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa kwenye majibu ya Google kwa kutumia kurasa za hila. Ikiwa hilo lilimpata BMW, duka la Bahati litapona?

Kabla hujamlipa fundi, muulize maswali matatu. Anwani ya tovuti itasajiliwa kwa jina la nani? Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika la KENIC, na yafaa mwenye jina awe wewe, si fundi. Mkikosana siku moja, aliyesajiliwa ndiye mwenye mali. Pili, je, utapewa ufunguo wa Search Console, chombo cha Google kisicholipiwa kinachokuonyesha watu waliandika maneno gani hadi wakakuona? Tatu, ataandika nini hasa kwenye kurasa zako, na atayapata wapi hayo maelezo? Akishindwa kujibu, asante na kwaheri.

Jihadhari pia na vya bure visivyo vyako. Mwaka 2011 Google na washirika wake walizindua mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti bila malipo. Baadaye ikaja huduma nyingine ya tovuti za bure zilizoambatana na usajili wa ramani, nayo ikafungwa Machi 2024. Waliokuwa na anwani yao wenyewe walihamisha maandishi yao, wakaendelea. Walioitegemea ile ya bure pekee walilazimika kuanza upya.

Na akili mnemba je? Tangu mwaka 2024 Google imeanza kuweka juu ya majibu muhtasari ulioandikwa na mashine, na wasomaji wengine huishia hapo. Hata hivyo, mashine hiyo haijafika Elementaita. Huokota maelezo kwenye kurasa za watu. Kama maelezo sahihi kuhusu mahali pako hayajaandikwa popote, itaokota ya mwingine.

KAZI YA JUMAPILI HII

Baada ya chakula cha mchana, ikusanye familia. Kila mmoja achukue simu na aandike kwenye Google maneno ambayo angetumia kama hajui kabisa kwamba biashara yenu ipo. Mtoto aandike kwa Kiswahili, mama kwa Kiingereza, babu aandike kama anavyosema. Tazameni ni nani anayetokea juu na ukurasa wake unajibu swali gani. Kisha chagueni swali moja tu ambalo nyinyi mnalijibu vizuri kuliko yeye, na mwanafunzi wa nyumbani aliandikie ukurasa mmoja wa kweli. Wiki ijayo, swali la pili.

Msitarajie matokeo kesho. Buibui huja kwa wakati wake, na huenda miezi kadhaa ikapita kabla hamjaona tofauti. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kurasa ishirini za kweli zilizoandikwa na mwenyeji ni mali ambayo wakala hawezi kuikata asilimia. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Basi tumwonyeshe mgeni njia ya kufika.